Bibi Harusi Hatiwi Wanga

Jumatatu, 12 Januari

Leo nimepewa vitu viwili ambavyo sikuviomba: daftari jipya na kazi ya kupima joto. Mbele ya daftari nitaandika nambari, ndivyo nilivyoagizwa. Nyuma hakuna aliyeniagiza chochote, kwa hiyo nyuma ni kwangu.

Aliyenipa ni mwanamke wa ofisi ya afya, mwembamba, mwenye pikipiki na koti la mvua ambalo halivui hata jua likiwaka. Tumeshamwita Mpimaji. Kilichomleta ni Shangazi yangu. Mwaka jana, msimu kama huu, Shangazi alianguka mbele ya meza yake ya pasi saa nane mchana, shuka la hospitali mkononi. Sisi ni kiwanda cha kufulia. Tunafua mashuka ya hospitali tatu, tunayakausha, tunayanyoosha, tunayakunja, na kesho yake yanarudi yaleyale machafu.

Tajiri, mwenye kiwanda, anasema Shangazi aliangushwa na uzee. Mpimaji anasema huenda ni chumba. Wakakubaliana mbele yangu: nipime mpaka mvua zinyeshe. Nambari zikikishtaki chumba, Tajiri atakirekebisha. Zikinyamaza, Shangazi anakwenda nyumbani kupumzika, kwa heri na asante sana.

Nimechaguliwa kwa kuwa mimi ndiye karani wa mlangoni. Nahesabu mashuka yakiingia na yakitoka, na Tajiri anasema sijakosea hata foronya moja. Pia mimi ndiye niliyelelewa na Shangazi tangu nina miaka minne, na bado tunaishi pamoja, vyumba viwili na ukumbi. Hilo Tajiri analijua, ila hakulitaja.

Kwa kuwa nyuma ni kwangu, niseme kweli. Mimi niko upande wa Tajiri. Shangazi ana miaka hamsini na tisa na magoti yanayolia akiinama. Nikimwambia apumzike ananijibu, "Nikae nyumbani niote ukungu?" Katika kitabu cha ajali cha mwaka jana, kwenye safu ya Sababu, kuna neno moja tu: Umri. Aliyelitamka ni Tajiri. Aliyeliandika ni mimi, na sikusita. Shangazi hajui.

Jumanne, 13 Januari

Kifaa chenyewe ni vipimajoto vitatu juu ya stendi moja. Cha kwanza kiko wazi, hakina kitu. Cha pili kimeingizwa ndani ya tufe la bati lililopakwa rangi nyeusi, hicho kinasikia ukali wa mabomba na mashine. Cha tatu kimevikwa kitambaa cheupe cha pamba, na mkia wa kitambaa umezamishwa kwenye kichupa cha maji ili kilowe muda wote.

"Hicho ndicho mtu," Mpimaji alinieleza. "Kinatoa jasho kama wewe. Hewa ikiwa kavu, jasho linakauka, kinapoa. Hewa ikijaa mvuke, jasho halina pa kwenda." Kwenye hesabu, cha kitambaa kina sauti kubwa kuliko wenzake. Ukishazichanganya unapata nambari moja. Kwa kazi kama yetu, ikipita ishirini na nane watu wanatakiwa kupumzika kila saa.

Kidege amevibatiza majina kabla ya saa nne. Kidege ni msichana wa meza ya pili, miaka ishirini na miwili, mdomo wake haujui kufungwa. Cha kwanza kakiita Mtupu, cha pili Mweusi, na chenye kitambaa Bibi Harusi.

"Bibi harusi gani huyu miguu ndani ya maji kama chura?" akauliza.

Shangazi alikisogelea, akavaa miwani, akakitazama kitambaa. "Kina doa," akasema, akarudi kwenye pasi yake.

Jana na Mpimaji: thelathini na moja. Leo peke yangu: thelathini na moja.

Jumatano, 14 Januari

Thelathini na saba! Nimepima mara tatu. Zile za juzi na jana kumbe zilikuwa mzaha, msimu ndio umeanza leo.

Alhamisi, 15 Januari

Thelathini na saba. Kichupa cha maji hakipungui. Kumbe vitu vya serikali navyo vinaweza kuwa vizuri.

Jumatatu, 19 Januari

Leo tumeanza kupima watu, maana Mpimaji aliagiza hivyo: uzito kabla ya kazi na baada ya kazi, na mapigo ya moyo saa nane mchana, dakika moja baada ya mtu kukaa.

Uzito tunapimia kwenye mizani ya marobota. Kidege alipanda akatangaza, "Andika, robota moja la foronya, halina madoa." Shangazi alipanda amevua viatu na kuvishika mkononi. Nilipomwambia viatu vya mkononi navyo vina uzito, alinitazama jinsi alivyokuwa akinitazama nilipokuwa nikirudi shule bila kitabu.

Jioni Kidege alikuwa amepungua kilo mbili na nusu. Shangazi moja na nusu. Mfanyakazi mmoja wa mashine ya kukausha kapungua mbili kamili. Mpimaji alishasema hayo siyo mafuta, ni maji yaliyotoka yasirudi. Na pale kwenye kona kuna pipa la maji safi lenye bomba na vikombe sita. Vikombe vyote vilikuwa vikavu.

Ijumaa, 23 Januari

Mapigo ya leo. Kidege mia moja arobaini na mbili. Shangazi mia moja kumi na nane.

Nilirudia kuhesabu. Nilikuwa nimekishika kiganja chake, na mara ya mwisho kukishika muda wote huo nilikuwa mtoto navushwa barabara. Kimekauka, kina makovu madogo ya pasi kama mbegu za ufuta. Hesabu ya pili ikawa ileile, mia moja kumi na nane. Yaani bibi wa magoti moyo wake unakwenda taratibu kuliko wa binti.

Kwa hiyo nikaanza kumwangalia akifanya kazi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya ingawa nakaa hatua kumi kutoka kwake. Hainui pasi, anaitelezesha. Shuka akishalikunja haliweki tu, analipigapiga mara mbili, na katika hayo mapigo mawili anapumua. Kidege anakimbizana na mashine. Shangazi anaiacha mashine imkute.

Jumamosi, 31 Januari

Thelathini na nane. Joto hata kwenye kalamu. Sina la kuongeza.

Jumanne, 3 Februari

Leo nimeuliza. Tulikuwa watatu kivulini nje: mimi, Shangazi na Kidege.

"Pipa lipo, vikombe vipo. Kwa nini hamnywi?"

Kidege alicheka. "Karani, maji yakiingia lazima yatoke. Na pa kuyatolea ufunguo wake uko wapi?"

Ufunguo wa choo uko ofisini kwa Tajiri. Umefungwa kwenye kipande cha ubao kikubwa kama kiatu ili usipotee. Ukitaka kwenda lazima ubishe hodi, uingie, uuchukue ubao mbele ya Tajiri na yeyote aliyekaa naye, utoke nao ukiwa umeukumbatia, upite uwanjani, madereva wanakuona. Mimi sikuwahi kulifikiria, maana kibanda changu kiko getini na naazima choo cha mlinzi.

Nikamgeukia Shangazi. "Na siku ile ulipoanguka?"

"Siku ile sikunywa tone," akasema. "Tajiri alikuwa na wageni tangu asubuhi. Wanaume wanne. Nipite katikati yao kuchukua ubao, mtu mzima mimi?"

Alisema hivyo akikung'uta aproni, kama anaeleza jambo dogo. Mimi nilihisi uso umeniwaka moto, na haikuwa hali ya hewa. Umri! Niliandika Umri kwa wino, mwandiko mzuri, na wala sikumwuliza mwenyewe swali hata moja.

Nilikwenda kwa Tajiri papo hapo. Akanijibu, "Ufunguo upo, nani amekatazwa?" Kweli, hakuna aliyekatazwa.

Jumanne, 10 Februari

Habari njema! Tajiri ameomba daftari, akasoma zile thelathini na saba na thelathini na nane, akazifuata kwa kidole moja moja. Sio mtu mbaya Tajiri. Ana miaka arobaini na mitatu, alirithi kiwanda kwa baba yake pamoja na mabomba yasiyofunikwa na madirisha yaliyozibwa kwa matofali, na anaogopa kila kitu asichoweza kukihesabu. Hizi zilihesabika. Amemwita fundi mwashi aje apime ukuta wa juu, atoboe madirisha manane ya kutolea mvuke. Ataanza kazi Jumatatu ijayo, mizigo ya wiki hii ikiisha.

Nimemwambia Shangazi. Akasema, "Sawa," lakini nyumbani nimemsikia anaimba bafuni.

Jumatatu, 16 Februari

Mwashi hajaja, ana msiba. Amesema Jumatatu ijayo bila kukosa.

Jumatano, 18 Februari

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Mpimaji amerudi. Ana viwanda kumi na kimoja na pikipiki moja, ndiyo maana kachelewa. Nilimkabidhi daftari kifua mbele. Alisoma ukurasa wa kwanza anatabasamu, wa pili tabasamu likapungua, wa tatu likaisha.

"Hizi zimepimwa humu ndani?"

"Humuhumu."

"Mtupu thelathini na saba, Bibi Harusi thelathini na sita. Kila siku?" Naye kashazoea yale majina. "Dada, hewa hii ingekuwa ya kweli nisingekukuta umesimama unanichekea. Ningewakuta mmelala chini nyote."

Akaenda kwenye kifaa, akakigusa kitambaa. Kilikuwa kikavu. Tena kilikuwa kimesimama kama kola ya shati jipya.

"Nani anafua kitambaa hiki?"

Mimi nikafungua mdomo niseme hakuna. Shangazi akanitangulia, kutoka mezani kwake, bila hata kuweka pasi chini: "Mimi. Kila Jumatano na Jumamosi, asubuhi kabla hamjafika. Kilikuwa na doa."

"Ukishafua?"

"Wanga kidogo, pasi kidogo." Akaongeza kwa fahari, "Siwezi kuacha kitu cheupe kikae na mikunjo ndani ya chumba changu."

Mpimaji alikaa juu ya robota. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kisha akaacha kucheka. Akatueleza polepole. Wanga umeziba nyuzi. Maji hayapandi tena kutoka kwenye kichupa. Bibi Harusi amekaa mkavu wiki tano, hatoi jasho, kwa hiyo amekuwa akisema maneno yaleyale ya Mtupu. Kila nambari niliyoandika imezidi, tena kwa mengi.

Nikakumbuka kichupa kisichopungua. Mimi, nisiyekosea hata foronya moja, nimetazama kichupa kimejaa wiki tano nikakisifu.

"Mwenye kiwanda lazima aambiwe," Mpimaji akasema. "Nitarudi kesho asubuhi tumwambie pamoja." Akaondoka.

Jioni, Shangazi alikuwa kwenye kiti chake cha ukumbini anashona kifungo. Nilikaa chini karibu naye. Nilikuwa na mpango, na siuonei fahari. Nikamwambia tumwombe Mpimaji asubiri mpaka Jumatatu. Mwashi akishatoboa ukuta, nani ataziba? Madirisha yatabaki, yeye atabaki, na kitambaa tutabadilisha kimya kimya.

Shangazi alikata uzi kwa meno. "Nimefua mashuka miaka thelathini na moja," akasema. "Ukilikunja shuka doa likawa ndani, hujalifua."

"Watakufukuza."

"Wakinifukuza nitakuwa nimefukuzwa msafi. Kesho naingia ofisini mwenyewe, wewe kaa mlangoni kwako."

Nilimwambia ni mbishi. Akaniuliza nadhani nilirithi kwa nani. Nimelia kidogo, kwa hasira nadhani.

Alhamisi, 19 Februari

Sikukaa mlangoni kwangu. Tuliingia watatu.

Shangazi hakuzunguka. "Tajiri, zile nambari zimeharibika. Nilimtia Bibi Harusi wanga."

Ilichukua muda Tajiri kuelewa bibi harusi ni nani. Alipoelewa, akanitazama mimi, wala si yeye. "Kwa hiyo nimeita mwashi kwa ajili ya wanga."

"Wanga haukuingia kwenye mapigo ya moyo," Mpimaji akasema, "wala kwenye mizani. Hizo ni sahihi. Zisome."

"Aliyekosea hiki nitajuaje hakukosea kile?" Akachukua simu, akamwambia mwashi asije. Mbele yetu. Kisha akakuna shingo. "Tulisema mpaka mvua. Sitavunja neno. Pimeni upya. Lakini kila nambari naiona kwa macho yangu na naitia sahihi. Kila siku, saa nane."

Tulipotoka Shangazi alisema, "Umesikia? Atakuja chumbani kila siku saa nane. Mara ya mwisho kuingia saa hizo ilikuwa baba yake yuko hai."

Ijumaa, 20 Februari

Kitambaa kipya, maji safi, hakuna wanga. Kichupa kimepungua kabla ya saa sita, nikashangilia peke yangu kama mwendawazimu.

Nilikuwa naogopa. Je, nambari ya kweli ikiwa ishirini na saba? Je, chumba kikionekana hakina hatia? Saa nane Tajiri akaja na kalamu. Mtupu thelathini na saba. Bibi Harusi ishirini na nane na nusu. Nikachanganya hesabu mara mbili mbele yake: thelathini na mbili na nusu.

Thelathini na mbili na nusu, na mpaka ni ishirini na nane! Kumbe kweli peke yake ilikuwa inatosha, wala haikuhitaji msaada wa wanga.

Tajiri akatia sahihi. "Imeshuka sana," akasema. Ni kweli imeshuka. Alikaa dakika mbili.

Jumatano, 25 Februari

Thelathini na tatu. Sahihi. Dakika tatu. Leo alifungua kifungo cha shingo.

Jumamosi, 28 Februari

Thelathini na mbili. Sahihi. Jasho lake limedondokea kwenye daftari, pale pale kwenye sahihi. Kidege anasema huo ndio muhuri. Mawingu yalijitokeza saa kumi, yakaghairi.

Jumanne, 3 Machi

Hospitali moja ilileta mara mbili ya kawaida. Mashine zote ziliwaka tangu alfajiri. Saa sita Mtupu alikuwa ameshafika thelathini na tisa.

Saa saba na nusu Shangazi aliniita kutoka mezani kwake, sauti ya chini. "Njoo umpime huyu. Ana dakika kumi hajasema neno."

Kidege alikuwa amesimama na foronya moja, anaikunja, anaikunjua, anaikunja. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa moto kuliko wangu. Nikahesabu nusu dakika: themanini na mbili. Mara mbili yake sikutaka hata kuitamka. "Kidege," nikamwita. Akaniambia basi limeshaondoka. Basi gani?

"Mlazeni," Shangazi akawaambia wa mashine ya kukausha. "Nje, ukutani, kwenye kivuli." Akanigeukia. "Wewe, mashuka."

"Yapi?"

"Yoyote!"

Nikabeba mashuka masafi ya hospitali, yaliyokwisha kunyooshwa, nikayachovya kwenye pipa la maji ya kunywa na kumfunika nayo. Mpimaji alitufundisha siku ya kwanza: lowesha, pepea, piga simu. Mlinzi akapiga simu zahanati. Shangazi akavuta shuka kubwa kavu, akashika ncha mbili, akageuka kutafuta wa kushika mbili nyingine. Aliyekuwa nyuma yake ni Tajiri, amekuja kutia sahihi, kalamu mkononi, anaangalia mashuka yake yakiwa kwenye vumbi.

"Shika ncha hizo!" Shangazi akamwamuru.

Tajiri akatupa kalamu. Wakampepea Kidege kwa lile shuka, juu chini, juu chini, jinsi wapiga pasi wawili wanavyokung'uta shuka kabla ya kulikunja. Tajiri hakujua mwendo, akawa anavuta wakati wa kuachia. "Niachie, usishindane na mimi," Shangazi akawa anamwelekeza. "Sasa. Sasa." Mimi nammwagia maji shingoni na kwapani. Dakika kumi. Kumi na tano. Yule binti wa mizani, robota lisilo na madoa, midomo imempasuka. Nilikuwa nasema jina lake, jina lake halisi, sijui mara ngapi.

Dakika ya ishirini akafungua macho, akatutazama mmoja mmoja, akamwona Tajiri anahema na shuka mkononi. "Tajiri," akasema kwa sauti iliyokauka, "unalikunja vibaya."

Niliketi chini pale pale.

Mhudumu wa zahanati alipofika akasema mwili ulikuwa umeanza kushuka joto, tumefanya vizuri, ila wanamchukua alale kwao. Akauliza amekunywa nini tangu asubuhi. Ndipo nikasema, "Hajanywa. Ufunguo wa choo uko ofisini." Nilisema nikimtazama Tajiri, na safari hii hakuuliza nani amekatazwa.

Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, macho mekundu, shati limeshikana na mgongo. Nikamshika kiganja bila kumwomba ruhusa. Nikahesabu. Mia moja thelathini na nane.

"Ni nyingi?" akauliza.

Shangazi alikuwa anakusanya mashuka kutoka chini, hata hakugeuka. "Labda ni umri, Tajiri."

Nikakiachia kiganja cha Tajiri. Neno lile alilitoa wapi?

Jumatano, 4 Machi

Mashine zimezimwa saa sita mpaka saa tisa. Amri ya Tajiri. Hospitali wamelalamika, amewapokea simu mwenyewe.

Ule ubao wa choo Shangazi ameukuta jikoni kwa mlinzi umekatwa kuni. Kufuli haipo.

Alhamisi, 5 Machi

Kidege anaendelea vizuri. Nimekwenda kumtazama nikiwa na machungwa. Ameongea saa nzima, nimerudi na kichwa kinaniuma, namshukuru Mungu.

Jumanne, 10 Machi

Mwashi amekuja. Madirisha manne yameshatobolewa. Mabomba ya mvuke yamefungwa kwa vitambaa vizito na fundi wa boila, ambaye anasema aliomba kufanya hivyo miaka sita iliyopita. Tajiri akasema, "Hukuniambia kwa nambari." Fundi akasema, "Hukuniuliza kwa nambari."

Nambari ya leo ishirini na tisa na nusu. Vikombe vyote sita vimelowa. Jioni Shangazi kapungua nusu kilo tu.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua imenyesha.

Ilianza saa saba, matone mazito, yakaingia kwa madirisha mapya yakanyeshea robota zima la mashuka makavu, watu wakapiga vigelegele badala ya kuokoa mashuka. Kidege yumo, amerudi leo kwa kazi nyepesi ya kukunja, na anaifanya kwa mdomo. Saa nane: ishirini na saba na nusu. Tajiri akatia sahihi, akaitazama nambari kwa muda. Tulisema mpaka mvua.

Akatuita ofisini, mimi na Shangazi. Mezani alikuwa ameweka kitabu cha ajali cha mwaka jana. Nikasimama kati ya kitabu na Shangazi.

"Mama," akamwambia Shangazi, hajawahi kumwita hivyo, "kuanzia Jumatatu wewe ndiye unayetazama watu. Ukiona mtu amenyamaza, unamtoa, huniulizi. Meza yako ya pasi utabaki nayo ukitaka."

"Nataka," Shangazi akasema haraka.

"Halafu kuna jambo la kusahihisha." Akafungua kitabu, akakigeuza, akanipa kalamu mimi. "Nilitamka mimi. Lakini uliandika wewe."

Shangazi alikuwa amesimama begani kwangu, nilikuwa nasikia harufu yake ya sabuni na wanga. Nikakata lile neno Umri kwa mstari mmoja, nikaandika juu yake: Joto. Kiu. Tajiri akatia sahihi pembeni. Sikuweza kuinua kichwa.

"Shangazi," nikasema, "ule mwandiko..."

"Naujua." Akavaa miwani, akainama juu ya kitabu, akaweka kidole kwenye lile neno lililokatwa. "Herufi yako ya M ina miguu ya bata tangu darasa la kwanza. Nani alikushika mkono ukiiandika? Mwaka jana nilipokuja kuchukua ruhusa ya ugonjwa, kitabu kilikuwa wazi hapa hapa."

Mwaka mzima. Mwaka mzima amekula nami, amenifulia, amenitania, na neno langu analo.

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri uhesabu vizuri," akasema. "Wewe huwa unahesabu vizuri, ukipewa muda."

Nilimkumbatia mbele ya Tajiri, ambaye aligeuka kuangalia mvua.

Sasa ni jioni, tuko nyumbani, bado inanyesha. Dirishani Shangazi ametundika kamba fupi, na kwenye kamba vitambaa saba vidogo vyeupe alivyokata kutoka kwenye shuka kuukuu. Kimoja kwa kila siku ya wiki, kwa msimu ujao. Nimekwenda kuvigusa. Ni vilaini.

"Maji matupu," amesema kutoka kwenye kiti chake bila kuinua macho. "Hata sabuni sikutia."

"Na pasi?"

Amekitazama kiganja chake.

"Nimevinyoosha kwa kiganja," amesema. "Kiganja nacho kina ubaya gani?"

Nimemshika kile kiganja, nikatazama saa ya ukutani, nikahesabu dakika nzima, bila kuandika.